Alama Tatu Nilizoupa Mkonga

Wadogo zangu madereva, na ninyi mnaojifunza ufundi kwa macho kama nilivyojifunza mimi, nawaandikia nikiwa nimelala kifudifudi, mto chini ya kifua. Huu ndio mkao pekee ambao mgongo wangu unaukubali kwa zaidi ya robo saa. Nina miaka thelathini na minane na nimeshastaafu. Najua mnacheka. Hata mke wangu hucheka nikilitamka neno hilo mbele ya wageni, maana kichwani sina mvi hata moja. Lakini daktari alisema usukani basi, jeki basi, na kurushwarushwa kwenye makorongo basi kabisa. Sasa mtu aliyezuiwa yote hayo aitweje?

Kila nikipita kijiweni kwenu Mwandiga mnaniuliza swali lilelile: "Bro Yohana, tuambie ukweli, kwenye njia mbovu chuma ni kipi?" Mmoja anatetea pikapu, mwingine anaapa kwa jina la gari la mjomba wake, na mimi nasema nina haraka, naondoka. Si kwamba sina jibu. Niliwahi kuwa nalo, tena nililiandika kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na jibu lile nusura limnyang'anye mzee wa watu kazi yake. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana mara nne, kwa sababu kila mara nilijiona mwema kuliko nilivyokuwa. Leo naimaliza.

Sikusoma chuo cha ufundi. Nilijifunza kwa vitabu vya gari vilivyochanika, nikifuata michoro pale ambapo maneno yalinishinda, na kwa kukaa karibu na mafundi mpaka waninyime au waninong'oneze. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili Mama Sauda aliponipa kazi kwenye uwanja wake wa magari pale Ujiji. Mama Sauda alikuwa mjane, mzaliwa wa hapohapo, na marehemu mumewe alimwachia magari matatu ya kukodisha kwa watu wa miradi ya maji, watafiti, na yeyote mwenye safari ambayo gari dogo lingeikataa.

Nilikuwa na wasiwasi, ndugu zangu. Nilikuwa nakaza nati, naondoka, narudi kuikaza tena. Niliwahi kuacha ugali mezani nikaenda kuangalia kama nimevuta breki ya mkono, na gari lenyewe liko juu ya mawe, halina hata matairi. Spana zangu nilizipanga kwa ukubwa na nilijua kama mtu amegusa ya kumi na nne. Na nilikuwa na daftari. Baada ya kila safari niliyapa magari alama juu ya kumi: mchangani, kwenye utelezi, majini, mlimani, na ya mwisho uimara, yaani kama gari linakurudisha nyumbani. Mama Sauda alilipenda sana daftari lile. Alinionyesha kwa wateja kama mtu anavyoonyesha cherehani mpya.

Tuyaone basi magari yenyewe, maana najua macho yenu yanaruka mistari kuyatafuta. Majina ya makampuni sitataja. Pale uwanjani tuliyaita kwa majina yetu.

Bibi alikuwa gari la zamani la Kiingereza, bodi la bati jepesi lisilojua kutu, milango ya kufunga kwa kubembeleza. Mlimani alikuwa mbuzi. Springi zake ziliacha kila gurudumu litafute ardhi lake, hivyo hata njia ikiwa na korongo upande mmoja na jiwe upande wa pili, yeye alipanda polepole huku akinung'unika. Ila alipenda kutunzwa. Alivuja mafuta kila mahali. Mzee Ntibakazi, dereva wetu mkubwa, alikuwa akiniambia, "Bibi akiacha kuvuja usifurahi. Ujue yamekwisha." Safari ya siku moja na Bibi ilikuwa na nusu siku ya spana ndani yake.

Dabo ilikuwa pikapu ya kebini mbili, nyepesi, yenye mbio, kiti chake kinakukumbatia. Ukitaka magurudumu yote manne yavute, yaani kuweka fowili, ulivuta kigingi kidogo ukiwa umekaa, hukuchafua kiatu. Barabara ya Kasulu kabla ya lami, masika yakishika na ule udongo mwekundu kugeuka sabuni, Dabo ikiwa tupu ilitupa mkia kama mamba. Pale Kidahwe iliwahi kunigeuza nikatazama nilikotoka. Lakini ukipakia magunia matatu ya mihogo nyuma ilitulia kama mtu aliyeshiba. Hiyo ndiyo niliyokabidhiwa mimi.

Na Mkonga. Huu mnaujua, gari refu lenye bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi kwenye paa. Ulikuwa mzito, mgumu, unakutambulisha kwa kila jiwe la njiani. Kukata kona kulihitaji mabega. Lakini uliingia kwenye maji ya kiunoni ukatoka upande wa pili kama aliyekwenda kunawa. Fowili yake ilikuwa ya kizamani. Kwanza unashuka, unakwenda kwenye gurudumu la mbele la kulia, katikati yake kuna kitufe kikubwa cha chuma, unakizungusha kwa mkono. Halafu la kushoto vivyo hivyo. Ndiko tunakoita kufunga habu. Hapo ndipo unapanda na kuvuta gia. Wavivu husahau kushuka. Mimi sikusahau hata mara moja, na hilo naomba mlikumbuke mbele ya safari.

Mkonga ulikuwa wa Mzee Ntibakazi. Kwenye karatasi ulikuwa wa Mama Sauda, ila mwenye kuuliza angejibiwa vingine. Mzee alikuwa Muha wa Kasulu, mwembamba, mwenye majivuno, anayeimba nyimbo za kanisani kwa sauti isiyojua njia. Aliuendesha tangu mume wa Mama yuko hai. Asubuhi akiingia uwanjani aligonga boneti lake, akasema kwa Kiha, "Mwakeye," kisha ndiyo akakumbuka kutusalimia sisi. Dabo aliiita gari la bwana harusi.

Somo langu la kwanza kwake lilikuwa la aibu. Tulikwenda na magari mawili kwenye mwalo mmoja wa wavuvi kusini, yeye na Mkonga, mimi na Dabo. Kabla ya kushuka mchangani akasimama, akachuchumaa kwenye tairi zake, akaanza kuzitoa upepo.

"Punguza na wewe," akaniambia.

"Mzee, kitabu kinasema upepo uwe huu huu."

"Kitabu kiliandikwa na mtu mwenye lami. Punguza."

Sikupunguza. Niliheshimu kitabu. Dabo ikaenda mita ishirini ikazama hadi tumboni. Nikahangaika, nikafanikiwa kurudi nyuma, nikaona mahali pamoja pasafi, pameondolewa mawe, pameshindiliwa vizuri kabisa. Nikajisemea, hapa ndipo. Nikapanda juu yake kwa fahari. Ndugu zangu, mtu wa ziwani angecheka kabla sijafika. Ulikuwa uwanja wa mtu wa kuanikia dagaa, na dagaa walikuwemo.

Akatoka mama mmoja na ufagio. "Wewe! Hiyo ni sebule ya kwenu? Umewakanyaga, sasa washike mkia uwapeleke sokoni wewe!"

Nikaanza kueleza habari za mchanga na uzito wa gari. Mzee Ntibakazi akanikatiza kutoka dirishani kwake, "Mpe pole kwanza, wewe! Gari halitakimbia, limekwama."

Nilimpa pole, nikashika ufagio. Baadaye Mzee akanionyesha: unatoa upepo mpaka tairi iote kitambi pale inapogusa chini, kitambi cha mtu anayekula vizuri, si cha mgonjwa. Unashika njia ya mchanga ulioloa karibu na maji. Hukanyagi mafuta kwa hasira. Na ukitoka mchangani unajaza upepo palepale kwa pampu, hata kama mkono umekufa, kwa sababu tairi lenye kitambi kwenye mawe litapasuka. Alinifundisha jambo jingine pia, ambalo halimo kwenye kitabu chochote. Njia zile zina sheria yake: aliyekutoa kwenye tope, unambeba. Humpi hela, atakasirika. Unampa nafasi kwenye gari, yeye na gunia lake, mpaka anakokwenda. Siku ile tulirudi na watu sita, na mama wa dagaa alikaa mbele.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Mwaka mmoja Mama Sauda alituita. Lami ilikuwa imesogea, kazi za njia mbovu zimepungua, na kulisha magari matatu kulimchosha. "Nitauza moja," alisema. "Mwanangu Yohana, wewe ndiye mwenye kuandika. Lete daftari uniambie lipi liondoke."

Hapo moyo wangu ulifanya jambo ambalo sikulisema kwa mtu. Ulifurahi. Kijana asiye na cheti, na mwenye mali anasubiri neno lake! Nikamwambia kuna pengo kwenye daftari: Mkonga sijawahi kuuendesha mwenyewe, alama zake ni za kukaa kiti cha abiria. Wiki ileile Mzee Ntibakazi alipata msiba, dada yake alifariki Kasulu, akaenda. Kukawa na safari ya kumpeleka injinia wa maji na pampu yake ng'ambo ya Ilagala, kwenye mwalo uleule nilikokanyaga dagaa. Nikasema safari hii naenda na Mkonga.

Niliuandaa siku nzima. Nikafungua kila kilichofungulika. Nikafika kwenye habu za mbele, nikakuta ndani mna grisi kidogo tu, kama mtu aliyepaka mkate kwa uchoyo. Nikamsikitikia Mzee, kwamba kumbe hatunzi. Nikajaza. Nilijaza kwa vidole, nikashindilia, mpaka ikafurika pembeni, nikafuta kingo zote kwa kitambaa safi. Nikafunga nikiwa nimeridhika kama mtu aliyemvisha mtoto yatima.

Safari ilikwenda vizuri hadi mwaloni. Pale kijito kinapoingia ziwani, mchanga ni laini. Nikasimama. Nikapunguza upepo mpaka kitambi. Nikashuka, nikafunga habu ya kulia, nikafunga ya kushoto, vitufe vikageuka bila ubishi. Nikavuta gia. Gari likaenda hatua chache, magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba, na ya mbele yakasimama tuli.

Injinia, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, alitoa kichwa dirishani. "Kijana, haya ya mbele yamekuja kutembea?"

Nilichimba. Nikatandika makuti ya michikichi chini ya tairi. Nikafungua habu nikafunga upya. Wapi. Mwisho wakaja wavuvi na kamba, wakaimba, wakatuvuta. Mmoja wao akaniuliza, "Yule mzee wa mkonga yuko wapi? Yeye hapa hupita anapiga mluzi."

Hilo neno lilikuwa jibu zima, na nililiacha lipite. Niliwabeba wote kama sheria inavyotaka, injinia akiwa amebanwa kati ya magunia mawili, na tulipofika nikatoa daftari. Mkonga, mchangani: tatu. Uimara: tatu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaongeza: Fowili haivuti. Gari limechoka.

Sikudanganya. Niliandika nilichokiona. Ndilo linalonitisha hadi leo.

Mama Sauda alisoma, akatikisa kichwa, akapiga simu. Mfanyabiashara wa chumvi wa Uvinza angekuja Jumamosi. Mzee Ntibakazi akarudi Alhamisi, nguo zake bado zina vumbi la njia.

"Pole na msiba, Mzee," Mama akamwambia.

"Tumeshapoa, Mama."

"Kuna jambo. Nauza gari, na nimeona niuze Mkonga." Akamsomea daftari, hadi ile nyekundu.

Mzee akaniangalia. Hakuwa na hasira. "Ulifunga habu?"

"Nilifunga, Mzee. Zote mbili."

"Ulishuka, ukafunga kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Akalitazama gari kama mtu anayetafuta uso wa ndugu kwenye umati. "Safari iliyopita," akasema polepole, "nahisi lilisita kidogo pale kijitoni. Nikadhani ni mimi." Akapangusa mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Kama imeandikwa, basi imeandikwa."

"Na wewe?" Mama akauliza. "Utachukua Bibi?"

"Bibi na klachi yake ngumu, magoti yangu yatafika wapi? Dabo ni ya kijana. Mimi nitarudi Kasulu, kwenye maharage."

Wadogo zangu, gari halikuwahi kusita. Mzee alikuwa amelijua kwa miaka mingi kuliko niliyoishi, na karatasi yangu ilimfanya achimbe kwenye kumbukumbu zake mpaka akapata kasoro ambayo haikuwepo. Wakati ule sikulijua hilo. Nilimwonea huruma tu, na nikajisifu kidogo kwamba nimesema ukweli mgumu.

Ijumaa asubuhi nikafungua magurudumu ya mbele ili mnunuzi akute pasafi. Sikuombwa. Ni ugonjwa wangu tu. Nilipotoa kifuniko cha habu ya kulia nikaona grisi yangu, imeshindiliwa, ngumu. Ndani ya habu kuna pete yenye meno. Ukizungusha kitufe, springi ndogo huisukuma pete iteleze ikakamate pamoja gurudumu na shafti inayoleta nguvu ya injini. Pete yangu ilikuwa imezikwa. Kitufe kiligeuka, pete haikwenda popote. Na kumbukeni jambo hili hata mkisahau mengine yote: habu moja tu ikikataa, magurudumu yote mawili ya mbele hayavuti, kwa sababu nguvu yote hukimbilia upande uliolegea.

Nilikaa chini kwenye mafuta. Saa nne asubuhi, jua limeshika, kuku wa jirani wanapita.

Sasa mniangalie vizuri. Niliosha ile pete kwa petroli. Nikapaka grisi nyembamba, ya kidole kimoja. Nikafanya ya kushoto pia. Nikainua gurudumu kwa jeki, nikafunga habu, nikalizungusha kwa mkono huku nashika shafti, na shafti ikazunguka nalo. Gari lilikuwa zima. Kisha nikafunga kila kitu, nikanawa, sikumwambia mtu. Nilijipangia maneno: mnunuzi anapata gari zuri, Mama anapata alichotaka, Mzee amechoka hata hivyo. Na chini ya hayo kulikuwa na moja tu, kwamba sina cheti, na nikitoka pale nimekosea jambo la kitoto namna ile, nani atanipa spana tena? Mchana nilikula samaki nisijue kama ni mgebuka au kuhe.

Jumamosi mnunuzi akaja, mtu mpana, mcheshi. Akataka kuliona gari mchangani, tukaenda mwaloni Katonga, Mzee kwenye usukani, mnunuzi kando yake, Mama na mimi nyuma. Pembeni mwa mwalo Mzee akashuka kufunga habu. Alifunga taratibu, moja, kisha nyingine, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba anayoihama. Akapanda, akavuta gia, tukaingia kwenye mchanga mlaini kuliko ule wa kijitoni.

Gari likapita. Likapanda, likashuka, likasimama katikati ya mchanga na kuondoka tena bila kuchimba hata kiganja. Katikati ya njia Mzee alianza mluzi, akaukata.

Mnunuzi akacheka. "Mama, ndilo gari bovu hili?"

Mama Sauda akanigeukia. Mzee akazima injini, akapigapiga dashibodi kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante. Umeniaga vizuri."

Nikasikia sauti yangu. "Halikuagi, Mzee. Ni grisi."

"Nini?"

"Nilijaza habu grisi. Nilishindilia. Pete ilishindwa kutoka. Gari halikuchoka, Mzee, ni mimi nililifunga. Jana nimeisafisha."

Mzee akashuka, akaenda hadi ukingo wa maji, akasimama, akarudi. Akafungua mlango wangu, akachukua kitambaa cha kufutia vioo, akanichapa nacho begani. "Grisi!" Akanichapa tena. "Siku mbili nimezeeka miaka kumi! Nimemwambia mke wangu apande maharage! Kwa grisi!"

"Nisamehe, Mzee."

"Usiniite Mzee! Nilikuwa kijana mpaka uliponiandika!"

Mnunuzi alikuwa anacheka mpaka kiti kinatikisika. Mama Sauda hakucheka. "Jana ulijua tangu saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, Mama."

"Tukala wote mchana."

"Ndiyo, Mama."

"Basi hiyo ndiyo inayoniuma. Grisi ni grisi." Akamgeukia mgeni. "Ndugu yangu, Mkonga hauuzwi. Unisamehe kwa safari."

"Mama, sasa ndiyo nautaka zaidi!"

"Najua. Twende nyumbani ule, nikuonyeshe kebini mbili. Imetunzwa na mtu mwenye wasiwasi. Hata chini ya viti hutakuta njiti ya kiberiti."

Dabo ikaenda Uvinza jioni ileile. Mimi ndiye niliyeiosha. Mama hakunifukuza, lakini nilibaki fundi asiye na gari, nikiwa na Bibi na matone yake. Mzee hakunisemesha kwa wiki mbili. Aliuamkia Mkonga, akawasalimia wote, akanipita.

Kisha asubuhi moja, ana safari ya kusini, akawasha gari, akasimama mbele yangu. "Panda."

"Niende wapi, Mzee?"

"Ulinitia topeni, sawa. Lakini aliyenitoa pia ni wewe. Sheria unaijua. Panda kabla sijaibadilisha."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza kazi hii kwa kweli, kwenye kiti cha kushoto cha gari nililokuwa nimelipa alama tatu. Alinifundisha kutembea ndani ya maji kwa miguu kabla ya kuyaingiza magurudumu. Alinifundisha kusikiliza injini kwa kuzima redio na kufunga mdomo, na la pili lilinishinda kwa miaka. Kila nilipofungua kitu aliuliza, "Nani alikigusa mara ya mwisho?" Mpaka leo naona hilo ndilo swali la kwanza la ufundi. Gari likikuangusha, kabla hujamlaani aliyelitengeneza, tafuta mkono wa mwisho. Mara nyingi utaukuta mwishoni mwa mkono wa shati lako.

Siku moja akaomba daftari. Nikamsomea ukurasa wa Mkonga. Akasema, "Hiyo nyekundu usiifute. Chini yake andika: Yohana, tatu."

Nikaandika.

"Na Mkonga?" nikamuuliza.

"Nane."

"Kwa nini si kumi, Mzee?"

"Kumi ni la muuzaji."

Tangu hapo, kila masika yakiisha alinipa alama yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nne. Mwaka niliovunja shafti ya Bibi kwenye mawe nilirudishwa tatu. Alipostaafu, kwa kupenda kwake safari hii, nilikuwa na saba, naye akaniachia ufunguo wa Mkonga na kitambaa kile cha vioo.

Kwa hiyo mkiniuliza chuma ni kipi, ninaloweza kuwaambia ni hili. Ukipanda milima yenye mawe na una subira na spana, chukua gari la aina ya Bibi. Ukiwa na barabara ndefu na mzigo, pikapu, ila usiiache tupu kwenye utelezi. Ukienda mahali ambapo hakuna wa kukutoa, Mkonga. Haya mapya ya kubonyeza kitufe yakajipangia yenyewe fowili, nimeyaendesha, ni mazuri, sina chuki nayo. Ila jifunze taa zake zote za dashibodi zinasema nini kabla hujafika Ilagala, si baada. Na kwa gari lolote, pima kabla ya safari kwa kuinua gurudumu, si kwa kutazama kitufe kimegeukia wapi. Kwenye habu, grisi ya kidole kimoja.

Mwezi uliopita, mgongo uliponiruhusu, nilikwenda Kasulu kumwona Mzee. Aliona mimi ndiye ninayetembea kwa fimbo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaizunguka fimbo kama mtu anayekagua gari la mnada. "Umestaafu kabla ya Mkonga," akasema. "Wenyewe unatembea bado?"

"Unatembea, Mzee. Una dereva mpya, kijana wa Mwandiga."

Akaagiza ndizi zipikwe. Tulikula, tukawataja Mama Sauda na marehemu mumewe. Nikamshukuru. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu tangu Ujiji, yakaniishia yote kwenye "ahsante", naye akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Kisha akauliza kama nimekuja na daftari. Nilikuwa nalo. Mnanijua.

"Andika," akasema. "Yohana, tisa."

Nilishika kalamu nikashindwa kuandika. "Tisa, Mzee? Na sasa siendeshi tena, wala spana sishiki?"

"Ndiyo maana," akasema, akichukua ndizi ya mwisho. "Sasa huwezi tena kulitia gari grisi."